Mwezi wa Nne Tutakwenda Suzhou

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimeanza kazi kwa Mzee Gu. Kampuni imenipa daftari la zamu lenye masharti yake: andika mgonjwa amekula nini, amekunywa nini, amekwenda haja mara ngapi, ametembea hatua ngapi. Maoni hayaruhusiwi. Mimi bila maoni siishi, kwa hiyo yangu yatakaa humu, kwa Kiswahili nilichosomeshwa shule ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambacho wanangu hapa Toronto wanakisikia tu, kukisoma hawawezi.

Mzee ana miaka themanini na tatu, moyo wake mgonjwa, miguu mizito. Anaishi Scarborough, ghorofa ya kumi na nne, mabasi mawili kutoka kwetu Malvern, pamoja na Lan, binti yake wa pekee, ambaye ni mfamasia. Tulikutana mlangoni, yeye anatoka, mimi naingia, koti lake hata vifungo hajafunga. Akanieleza harakaharaka kwamba baba yake alifanya kazi miaka thelathini na moja katika bustani moja ya kale mjini Suzhou, huko China, bustani iliyojengwa karne nyingi zilizopita na ambayo sasa imo katika orodha ya urithi wa dunia.

"Mwezi wa nne nampeleka akaione," akasema. "Ila lazima kwanza apate nguvu. Mtembeze kwenye korido kila siku. Akitembea, tutakwenda."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake dirishani. Aliposikia hivyo akainua vidole vinne. Nadhani ndiyo salamu yake.

Tumetoka mlangoni hadi kwenye lifti na kurudi, yeye ameshikilia kigari chake cha kutembelea. Hatua arobaini na mbili. Amesimama mara tatu akihema.

Jumatano, 8 Januari

Hatua hamsini. Theluji. Amekula uji wa wali usio na sukari wala maziwa, na ameufurahia. Kila mtu na kwao.

Jumatano, 15 Januari

Kiingereza chake kimevunjika na changu kina viraka, kwa hiyo tunaelewana sana. Leo nilipokuwa namkata kucha ameniuliza, "Baba yako, yuko?"

Nikamweleza, na kwa kuwa nimeshaanza, naandika na humu.

Kwetu, mtu aliye mbali haambiwi msiba kwa simu. Anaogopewa: atasikia akiwa peke yake, ataanguka, nani atamshika? Basi anafichwa mpaka wapatikane watu wa kwenda kumwambia ana kwa ana. Baba yangu alifariki Uvira mwaka 2022, wiki ile ile niliyokuwa najiandaa na mtihani wa cheti cha hii kazi ya kutunza wazee. Kaka yangu Nathanaël akaamua nisiambiwe mpaka nimalize. Nikipiga simu, "Baba amelala." Nikipiga tena, "Baba ametoka kidogo." Wiki sita. Na mimi kila siku namtumia Baba ujumbe wa sauti, namtania, namwimbia wimbo wa kanisani anaoupenda. Nikafaulu mtihani. Jumamosi iliyofuata nikafungua mlango, nikamkuta mchungaji na wazee watatu wa kanisa wanavua viatu. Nilipoziona zile jozi nne za viatu, nilijua. Baba alikuwa ameshazikwa zamani.

Tangu siku hiyo salamu za Nathanaël zinapitia kwa Mama. Wote wananiambia nimsamehe, alifanya kwa upendo. Najua alifanya kwa upendo, hicho ndicho kinachoniuma. Nilijiapiza kwamba mbele yangu mtu hatadanganywa hivyo tena.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ujumbe wako, kaka yako alisikiliza?"

Nikasema sijui, sijawahi kumuuliza. Akatikisa kichwa, akaomba chai.

Jumatatu, 20 Januari

Baridi ya kukata masikio. Hatua sitini na nne.

Jumanne, 28 Januari

Leo nimefanya jambo ambalo sijui nitalibeba vipi.

Kesho ni mwaka mpya wa Kichina na Lan anatarajia wageni. Alinipigia simu kutoka kazini: je, ninaweza kusafisha kidogo sebuleni, maana kwao nyumba haiingizwi mwaka mpya ikiwa chafu? Kuniambia mimi nisafishe kidogo ni kumwambia mbuzi ale kidogo. Nilifuta madirisha, nikafuta feni, nikapiga magoti nikasugua pembe za sakafu kwa mswaki. Mzee alikuwa amelala chumbani.

Karibu na kiti chake, juu ya sinia la udongo, kuna jiwe la kijivu lenye matundu matundu, ukubwa wake kama mkate mzima. Mgongo wote wa lile jiwe ulikuwa na ukoga wa kijani, umejaa mpaka ndani ya matundu. Kila siku nilikuwa naliona na kila siku mkono ulikuwa unaniwasha. Kwetu Uvira, mwanamke ambaye mtungi wake una ukijani ubavuni anasemwa mpaka kanisani. Nikasema, maskini, tangu mke wa mzee afariki, jiwe hili halijaguswa. Nikalitia kwenye beseni la maji ya klorini, nikachukua mswaki, nikasugua nusu saa, tundu kwa tundu. Likatoka jeupe kama jino. Nililirudisha mahali pake nikasimama kuliangalia, nimefurahi.

Mzee akaamka, akaja polepole na kigari chake. Akasimama mbele ya jiwe. Akaanza kuingiza kidole kwenye tundu moja, akatoa, akaingiza kwenye lingine, mpaka akayamaliza yote. Kisha akaketi akaugeukia ukuta.

Lan alipofika akaliona, akaweka mfuko wa vyakula chini. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze. Akanieleza kwamba jiwe lenyewe si kitu, walilinunua hapa hapa Toronto. Chenye thamani kilikuwa ule ukijani. Walipohama mwaka 2003 baba yake alibandua kipande kidogo cha ule mmea kwenye ngazi za bustani, akakizungushia kitambaa kibichi, akakificha ndani ya kopo la sabuni mpaka Canada. Akaupandikiza kwenye jiwe. Asubuhi zote za miaka ishirini na moja aliunyunyizia maji ya mchele.

Kitu pekee kilichokuwa hai kutoka kule, mimi nimekiua kwa mswaki. Nimelia kwenye basi la kwanza na la pili pia.

Alhamisi, 30 Januari

Nilikwenda nikidhani nitafukuzwa. Mzee alikuwa ameshavaa viatu vya kutembelea.

Nikapiga magoti mbele yake kama tunavyoomba radhi kwetu. Akacheka, akaniinua kwa kiwiko. "Na mimi," akasema. "Mimi pia."

Akanihadithia. Kabla bustani yao haijaandikwa kwenye ile orodha, wakaguzi walikuwa waje kuitazama. Mkubwa mmoja mpya akaagiza ngazi zote za mawe zisuguliwe zing'ae. Mzee Gu, wakati huo mtu mzima mwenye nguvu zake, alisugua siku tatu akiwa magotini. Siku ya tatu akaja fundi mkuu, aliyemfundisha kazi. Aliketi kwenye ngazi akalia mbele ya wafanyakazi wote.

"Na wakaguzi walisema nini?" nikamuuliza.

"Waliuliza, ngazi hizi ni mpya?"

Hapo tukacheka sote wawili, kicheko cha watu wenye kosa moja. Kisha akaniambia kwamba ukijani ulirudi kwenye ngazi baada ya miaka minne, kwa sababu kuta za jirani zilikuwa nao. Hapa jirani hakuna. "Lakini mwezi wa nne nachukua mwingine," akasema, akainua vidole.

Nimeamua. Huyu mzee atafika Suzhou hata kama nitambeba mgongoni.

Jumatano, 5 Februari

Hatua mia moja na kumi.

Ijumaa, 7 Februari

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimemwambia mzee, na ameipenda methali hii mpaka anairudia kwa Kiingereza chake: "Under bed, must bend." Hatua mia na ishirini na tano.

Alhamisi, 13 Februari

Theluji imefunga barabara. Basi la pili limekwama, nikatembea vituo vitano kwa miguu. Lan alisema ningeweza kubaki nyumbani. Ningebakije nyumbani wakati imebaki miezi miwili tu?

Jumanne, 18 Februari

Korido yetu sasa ni bustani. Mzee ndiye aliyeigawa. Lifti ni lango la duara la kuingilia. Kisanduku cha mpira wa zimamoto ni banda la kutazamia mwezi. Mlango wa takataka ni jiko la tajiri. Dirisha la mwisho, linalotazama maduka na duka la mikate ya Kichina, ni bwawa la samaki. Amenifundisha kwamba ile bustani haikuonyeshi yote kwa mara moja: kila ukipinda kona kuna dirisha, na kila dirisha limewekewa mti wake au jiwe lake ulione. Aliyeijenga hakutaka mtu aimalize.

Pia kuna mti wa miaka mia nne uliozungushiwa ua, wenye kibao cha chuma chenye namba, maana jiji limeihesabu miti yake mikongwe yote. Anaikumbuka namba. Nikamwambia hata mimi kambini nilikuwa na namba.

"Walikuzungushia ua?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi wewe pia ni urithi." Akacheka hadi akakohoa, ikabidi aketi bandani.

Bi Sughra wa mlango wa tatu, bibi wa Kihindi mzaliwa wa Tanga, akachungulia. Nikamwamkia shikamoo, akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mnacheka nini na huyu babu?" Nikamwambia tupo Suzhou. "Haya, mkirudi mniletee zawadi," akasema, akafunga mlango.

Jumatatu, 24 Februari

Hatua mia mbili. Mia mbili! Nimepiga kigelegele kwenye korido, watu wakafungua milango.

Jumapili, 2 Machi

Kanisani leo, baada ya ibada, tulikuwa tunakunywa chai na kaka Elysée wa Bukavu, ambaye naye aliwahi kufanya kazi ya kutunza wazee kabla hajaenda kiwandani Brampton. Nikaanza kujisifu kuhusu hatua mia mbili.

"Muzee Gu? Wa ghorofa ya kumi na ine?" akaniuliza. "Angaliko?"

"Yuko na nguvu. Mwezi wa nne anakwenda China."

Elysée akaweka kikombe chini. "Mama Brice, hata mimi nilimutembeza juu ya safari ya mwezi wa ine. Miaka miwili iliyopita. Mwenye alinitangulia naye alimutembeza juu ya mwezi wa ine. Ule muzee haendi China wala fasi yoyote. Binti yake njo anamuambia vile."

Sikumaliza chai.

Jumatatu, 3 Machi

Nilifika mapema nikamngoja Lan kwenye lifti, nje ya masikio ya baba yake. Nilimuuliza moja kwa moja kama ameshakata tiketi. Akatazama saa yake. Nikamuuliza tena. Akaegemea ukuta.

"Mama alipofariki, Baba alilala akaugeukia ukuta," akasema. "Siku kumi na moja hakula. Siku ya kumi na mbili nikamwambia, Baba, mwezi wa nne tutakwenda Suzhou. Akageuka. Akaomba maji."

"Na mwezi wa nne ulipofika?"

"Nikasema viza imechelewa. Mwaka uliofuata nikasema wameninyima likizo. Mwaka jana nikasema ndege zimejaa. Kila mara ananuna hadi mwezi wa tano, halafu anaanza kungoja upya."

"Na daktari?"

"Daktari alisema moyo wake hautastahimili safari ile. Alisema tangu siku ya kwanza."

Nikamwambia kwetu tunasema njia ya mwongo ni fupi. Akanitazama kwa macho mekundu ya mtu asiyelala vizuri. "Yangu ina miaka mitatu," akasema. "Tafadhali, Donatienne, usimwambie." Lifti ikafunguka, akaingia. Sikuitikia, lakini nadhani aliona nimeitikia.

Nimemweleza mume wangu Évariste. Amesema, "Mama Brice, ile si nyumba yako." Nimekasirika naye pia.

Alhamisi, 6 Machi

Hatua mia na tisini. Alipoinua vidole vinne asubuhi nilijifanya natafuta kitu mkobani.

Jumanne, 11 Machi

Lan amemletea kofia ya jua ya safari. Kofia! Ameijaribu mbele ya kioo akanigeukia nimwambie kama inampendeza. Nikasema inampendeza. Mwanamke huyu hana moyo, au ana moyo wa aina nisiyoijua. Namwona kila jioni akiingia amebeba mifuko, anavua viatu, anauliza "Baba, leo hatua ngapi?" na uso wake unang'aa kama mtu anayesema kweli. Ndivyo alivyokuwa Nathanaël kwenye simu. Sauti yake haikutetemeka hata mara moja.

Jumatatu, 17 Machi

Theluji inayeyuka. Hatua mia mbili na kumi, na aliimba.

Ijumaa, 21 Machi

Ameniomba nimshushie sanduku la safari kutoka juu ya kabati. Lilikuwa limeshapangwa. Mashati mawili, dawa ya meno, na pakiti sita za pipi za utomvu wa mti wa hapa, zawadi kwa wenzake wa bustani walio hai. Akachukua kioo chake cha kukuzia maandishi, akasoma tarehe iliyoandikwa nyuma ya pakiti. Akasoma ya pili. Akazisoma zote sita.

"Zimekwisha muda 2023," akasema. "Zilizeekea humu."

Nikasema tutanunua nyingine. Akaweka kioo chini, akanitazama.

"Donatienne. Tutakwenda?"

Ningeweza kusema muulize Lan. Ningeweza kusema Mungu akipenda, neno ambalo hubeba kila kitu. Lakini niliziona zile jozi nne za viatu mlangoni kwangu. Nikasema, "Hapana, Mzee. Daktari alikataa."

"Lini?"

"Tangu mwanzo."

"Tangu mwanzo," akasema.

Akazirudisha pakiti moja moja ndani ya sanduku. Zipu ikakwama, nikamsaidia. Akanishukuru kwa kumwambia, akakunja mikono mapajani. Baadaye nikamkumbusha kuwa bado hatujatembea. Akasema leo tupumzike.

Nikiwa kwenye basi nilijisikia mwepesi. Nilijiambia, angalau katika nyumba ile kuna mtu mmoja mkweli. Naandika maneno haya bila aibu, na nitayaacha yalivyo.

Jumatatu, 24 Machi

Hakutembea. Anasema miguu imechoka.

Jumanne, 25 Machi

Hakutembea.

Jumatano, 26 Machi

Nilimvika viatu mwenyewe. Alikubali kuvikwa, akakaa navyo kitini mpaka nilipomvua. Nikamwambia twende tu mpaka bandani, tukatazame mwezi. "Ile ni korido," akasema kwa upole.

Alhamisi, 27 Machi

Vijiko viwili vya uji. Sijaweza kula mimi pia. Nilidhani ukweli ni kama dawa, kwamba ukishamezwa hata kwa uchungu unaponya. Hakuna aliyeniambia kwamba miguu ya mtu inaweza kusimama juu ya uongo na isisimame juu ya kitu kingine. Lan alilijua hilo. Daktari hakumfundisha, na mimi na cheti changu sikufundishwa, ila yeye alimwona baba yake akiutazama ukuta siku kumi na moja, akajua.

Ijumaa, 28 Machi

Lan amenipokea mlangoni akitabasamu, mara ya kwanza kuona meno yake. "Baba ameniambia jana hataki tena kwenda," akanong'ona. "Yeye mwenyewe! Amesema watalii wamekuwa wengi mno, kila mtu na mwavuli wake, mawe huyaoni. Amesema heri aikumbuke ilivyokuwa. Donatienne, miaka mitatu! Leo nimelala usingizi." Akanikumbatia. Nilisimama kama mlingoti.

Alipoondoka nikamwendea mzee. Alikuwa ananingoja.

"Lan ana furaha?" akauliza.

"Sana."

"Vizuri." Alipumzika kwanza, maana siku hizi maneno yanamchosha. "Uongo ni mzito. Mwanangu ameubeba miaka mitatu, mwili wake mdogo. Sasa ameutua. Usimwambie kwamba najua."

Nikamwambia Mzee, mimi nilikuambia kweli, na wewe unanitaka nidanganye?

"Ndiyo," akasema.

Nikamwomba msamaha, na safari hii hakucheka wala hakuniinua. Alisema nilifanya vizuri kumjibu kwa kuwa aliuliza. Kisha akafumba macho. Nimemsamehe Lan yote leo, ila sina ruhusa ya kumwambia.

Jumatano, 2 Aprili

Mchana, wakati wa mapumziko, nimempigia Nathanaël. Alidhani kuna msiba. Nikasema hakuna, nina swali moja tu: ule ujumbe wangu wa sauti kwa Baba, nani aliusikiliza?

"Mimi," akasema. "Simu yake ilikuwa kwangu. Ningeufuta bila kuusikiliza, ingekuwa kama nimekufuta na wewe. Nilikuwa naenda kuusikilizia nyuma ya choo, Mama asinione."

"Wote?"

"Wote, dada yangu. Hata ule wa kuimba."

Tuliongea kidogo kuhusu mvua za Uvira, tukaagana.

Jumatatu, 7 Aprili

Maji kwa kijiko. Nesi wa zamu ya jioni sasa anakuja kila siku. Lan amechukua likizo, ile aliyosema alinyimwa.

Jumatano, 9 Aprili

Amelala mchana kutwa. Nimemsimulia bustani, maana ameniachia yote: lango la duara, banda, jiko la tajiri, mti wenye namba. Nilipofika kwenye ngazi sikujua niseme ziko vipi. Nikasema ni za kijani. Alikuwa anasikia, kwa sababu vidole vyake vilisogea kwenye shuka.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee Gu amefariki leo asubuhi saa nne na dakika kumi. Lan alikuwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto.

Jumatatu, 14 Aprili

Kampuni imenipangia bibi mmoja kuanzia wiki ijayo. Sikuuliza ni wa wapi.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo tumemzika. Makaburi yapo mbali, upande wa kaskazini, na ardhi ilikuwa bado ngumu. Nilivaa kitenge cheusi. Walikuwepo watu wachache, majirani, wafanyakazi wenzake Lan, na Bi Sughra aliyekuja amefunga mtandio mweupe na kusema dua yake kimya.

Baadaye tulikwenda mkahawa mmoja wa Kichina kwa chakula cha baada ya mazishi, maana kwao kama kwetu watu hawatawanyiki na njaa. Supu ilikuwa imeshaletwa mezani Lan aliponivuta mkono tukatoka nje, tukasimama kati ya magari. Alikuwa amevaa nyeusi tupu na uso wake umekuwa mdogo.

"Nataka nikuulize kitu," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa naye mchana. Alianza kuacha kutembea kabla hajaniambia hataki kwenda. Nimehesabu siku. Usiku sina usingizi kwa ajili ya hilo." Akanishika mikono yote miwili. "Je, alijua? Alijua kwamba nilikuwa namdanganya?"

Nilimtazama machoni. Nilitaka kumwambia yote, kwamba ni mimi, kwamba mdomo wangu ndio uliomlaza baba yake, kwamba anichukie mimi badala ya kujichukia yeye. Kusema kungenipumzisha. Yeye angebaki na nini?

"Hapana," nikasema, na sauti yangu haikutetemeka. "Hakujua. Alikuwa amechoka na habari za watalii tu. Hata mimi aliniambia."

"Alikuambia?"

"Mara nyingi. Alisema, 'Binti yangu angenipeleka, ila mimi mwenyewe sitaki.'"

Lan akaweka kichwa chake begani mwangu akalia kwa sauti, kama mtoto, na mwili wake wote ukawa mwepesi mikononi mwangu. Nikamshikilia mpaka alipomaliza. Kisha nikamfuta uso kwa ncha ya kitenge, tukarudi ndani tukanywa supu.